Dar es Salaam hadi Nairobi kwa ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu umbali na muda wa safari

Maelezo haya ni ya msafiri anayetoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere (JNIA, kwenye tiketi utaona DAR) kwenda Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA, kwenye tiketi NBO), na yule anayerudi. Mwenye haraka achukue haya: umbali ni karibu kilomita 665, ndege ya jeti hukaa angani kama saa moja, ya pangaboi (yenye panga zinazozunguka kwenye injini) kama saa moja na nusu, na kutoka mlangoni kwako Dar hadi mlangoni kwa mwenyeji wako Nairobi weka saa sita au saba. Namba hiyo ya mwisho karibu hakuna anayeiuliza, na ndiyo inayowaponza wengi.

Umbali hasa ni kilomita ngapi?

Ukipima mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, kutoka uwanja hadi uwanja, unapata kati ya kilomita 665 na 668. Kwa maili za kawaida ni kama 414. Marubani na waongozaji ndege hutumia maili za baharini, na kwao ni kama 360.

Ili upate picha: kutoka Dar kwenda Mwanza ni kama kilomita 850 kwa ndege. Kwa hiyo Nairobi, iliyo nchi nyingine, iko karibu na Dar kuliko Mwanza. Watu wengi hawaamini mpaka wafungue ramani.

Kwa nini tovuti moja inasema 665, nyingine 668, nyingine 670?

Hakuna anayedanganya. Dunia haijaviringika sawasawa. Imebonyea kidogo kwenye ncha zake na kutanuka kwenye ikweta. Kikokotozi kinachoichukulia dunia kama mpira kamili kitakupa kama 668 kwa njia hii inayoelekea zaidi kaskazini kuliko magharibi. Kinachozingatia huo ubonyeo kitakupa kama 665. Na kikipima kutoka katikati ya jiji hadi katikati ya jiji, badala ya uwanja hadi uwanja, kinakaribia 670. Kwa msafiri tofauti hiyo haina maana yoyote: ni sekunde chache za kuruka.

Ndege inafuata kweli huo mstari ulionyooka?

Inaukaribia, lakini haiufuati kama treni inavyofuata reli. Ndege hupita kwenye njia za anga zilizopangwa, kutoka alama moja ya urambazaji hadi nyingine, na waongozaji wa Dar na wa Nairobi hukabidhiana njiani. Ikipata nafasi hukatishwa kona; ikikutana na wingu la mvua hulizunguka. Ongeza pia mizunguko ya kupaa na kutua. Kwa hiyo kilomita zinazorukwa huzidi zile za kwenye ramani, ila si kwa kiasi cha kukusumbua.

Mstari wenyewe lakini ni mzuri kuujua, maana unapita mahali penye majina. Ukitoka Dar unapita karibu na Bagamoyo, unaingia bara na kufika juu ya Korogwe, kisha Usambara upande wa Lushoto. Baada ya hapo ni nyika ya Mkomazi, na mpaka wa Kenya unavukwa jirani na Taveta. Kilimanjaro inabaki magharibi, umbali wa kama kilomita 30 kutoka kwenye mstari. Halafu unakuja uwanda wa Amboseli na mbuga za Kajiado, na ukiona mabati ya viwanda yameanza kung'aa, umefika Embakasi, kitongoji kilipo JKIA. Asiyelala njiani anaona karibu sura zote za nchi hizi mbili kwa muda wa saa moja, jambo ambalo basi la siku nzima haliwezi kukupa.

Nikae upande gani nione Kilimanjaro?

Ukienda Nairobi, kaa kushoto. Ukirudi Dar, kaa kulia. Herufi ya kiti cha dirishani upande wa kushoto ni A. Ya upande wa kulia hutegemea ndege: mara nyingi ni F, na kwenye baadhi ya ndege zenye viti vinne kwa safu ni D.

Mlima una mita 5,895, yaani kama futi 19,300. Ndege za pangaboi hazipandi zaidi ya futi 25,000, hivyo ukiwa humo unauona mlima karibu sawa na usawa wa macho, ukiwa mnene. Kwenye jeti inayoruka futi 35,000 au 36,000 unauona kutoka juu, na kilele cha Kibo kinaonekana kama sahani. Kwa maoni yangu pangaboi inashinda kwa hili moja, ingawa inashindwa kwa mengine. Ndege ya asubuhi ndiyo yenye bahati, kwa sababu mchana mlima huwa umeshajifunika mawingu.

Angani ni muda gani?

Inategemea umepanda nini. Njia hii imekuwa ikihudumiwa na ndege za aina mbili kuu. Kuna jeti: Embraer 190 na Boeing 737 za Kenya Airways, Airbus A220 za Air Tanzania. Hizi zikishafika juu hukimbia kilomita 800 na kitu kwa saa. Kuna za pangaboi: ATR 42 na ATR 72 za Precision Air, na Dash 8-400 za Air Tanzania. ATR hukimbia kama kilomita 500 kwa saa; Dash 8 ina kasi zaidi, inazidi 600.

Kwa jeti, tangu magurudumu yaache lami hadi yaiguse tena, ni kati ya dakika 55 na saa moja na dakika kumi. Kwa ATR ni saa moja na dakika 25 hadi 35.

Mtu atauliza: kilomita 665 kwa kasi ya 830 si dakika 48? Hesabu ni sahihi, lakini ndege haianzi na kasi hiyo wala haimalizi nayo. Kwenye safari fupi kama hii, jeti hutumia kama dakika 20 kupanda na zaidi ya hizo kushuka. Mwendo kamili wa juu ni kipande kifupi katikati; mhudumu hajamaliza kugawa maji, rubani ameshaanza kushuka. Ndiyo maana tovuti nyingi za umbali hugawanya kilomita kwa 800 kisha kuongeza nusu saa. Kwa njia hii jibu ni saa 1 na dakika 20, na halipishani sana na ratiba za jeti.

Mbona tiketi inaonyesha muda mrefu kuliko anaoutangaza rubani?

Ratiba huhesabiwa tangu ndege inaposukumwa kutoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa upande wa pili. Humo ndani kuna kutembea hadi njia ya kurukia, kusubiri zamu, na kutembea tena baada ya kutua. Rubani akisema "muda wetu wa kuruka ni dakika hamsini na nane", anazungumzia angani tu. Aidha mashirika huongeza dakika kidogo za akiba ili ndege iliyochelewa kidogo ionekane imewahi. Ndiyo sababu utakuta jeti imeandikiwa saa 1 na dakika 15 hadi 30, na ATR inakaribia saa 2.

Kwenda na kurudi ni muda uleule?

Karibu sawa. Msafiri aliyezoea safari za Ulaya na Marekani anajua kwamba upepo mkali wa juu unaweza kuongeza au kupunguza saa nzima. Huku kwetu karibu na ikweta upepo wa juu si wa nguvu hiyo, na isitoshe njia hii inaelekea kaskazini na kusini wakati pepo zenyewe huvuma zaidi kutoka mashariki, kwa hiyo hupiga ubavu badala ya kusukuma au kuzuia.

Dakika zinapotea kwenye kutua. JKIA upepo wa kawaida unatoka mashariki na kaskazini-mashariki, hivyo ndege hutua ikielekea huko. Ikitoka Dar, yaani kusini, inabidi ijongee upande wa magharibi kwanza kisha igeuke. Dar nako, msimu wa kaskazi, ndege hutua ikielekea baharini, ikitokea upande wa Pugu. Kwa anayetoka Nairobi huo ni mzunguko. Upepo ukigeuka na ndege ikaingia kutoka upande wa bahari, dakika chache zinaokolewa, na abiria wanapata kuuona mji.

Kuna jambo jingine ambalo halipo kwenye tiketi. JNIA ipo mita 55 tu juu ya usawa wa bahari, JKIA ipo mita 1,624. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, injini na mabawa hupata kazi ya ziada, na ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Njia ya kurukia ya JKIA ina zaidi ya kilomita 4. Ya JNIA ina 3. Ukihisi ndege imekimbia mno Nairobi kabla ya kuinua pua, usianze kusali. Hiyo ndiyo kawaida ya pale.

Kuna tofauti ya saa kati ya Dar na Nairobi?

Hakuna. Nchi zote mbili zinatumia saa ya Afrika Mashariki. Usiguse saa yako.

Tiketi inasema 02:40. Ni saa ngapi hiyo?

Saa nane na dakika arobaini usiku. Swali hili linachekesha mpaka likukute. Tiketi zote za ndege huandikwa kwa mfumo wa saa 24, siku ikianza saa sita usiku. Kwa saa za Kiswahili toa sita, na jibu likifika kumi na tatu au zaidi toa kumi na mbili tena: 08:00 ni saa mbili asubuhi, 14:30 ni saa nane na nusu mchana, 19:15 ni saa moja na robo usiku. Kwa saa za kabla ya 07:00 ongeza sita.

Mtego mkubwa ni tarehe, kuliko hata saa. Ndege ya 00:30 ya tarehe 12 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 12. Unatakiwa uwe uwanjani jioni ya tarehe 11. Kila mfanyakazi wa kaunta ya uwanja wa ndege ana hadithi ya familia iliyofika na mabegi yote, imevaa vizuri, saa ishirini na nne baada ya ndege kuondoka. Ukimkatia tiketi mzazi wako, mwandikie kwenye ujumbe kwa maneno: "Ijumaa usiku, uwe umeshafika uwanjani saa tatu na nusu."

Ndege inayopitia Kilimanjaro au Zanzibar inaongeza umbali kiasi gani?

Hapa ndipo ramani inapomdanganya mtu. Dar hadi Uwanja wa Kilimanjaro (KIA) ni kama kilomita 449, na KIA hadi Nairobi ni kama 234. Jumla 683. Umeongeza chini ya kilomita 20. Kupitia Zanzibar ni nafuu zaidi: 73 na 599, jumla 672, ongezeko la kilomita saba hivi. Hata kupitia Mombasa, 317 na 422, unafika 739 tu.

Kwa macho ya ramani ni kana kwamba hukupotea njia kabisa. Lakini kila kituo kina kushuka, kutua, kushusha abiria, kupakia, kusubiri, kupaa upya. Safari ya saa moja inakuwa ya saa tatu, na ukitakiwa kubadili ndege inaweza kuwa ya saa tano. Kwenye safari fupi muda hauliwi na kilomita. Unaliwa na viwanja. Ukiona tovuti inakuonyesha umbali tu bila idadi ya vituo, haijakuambia kitu.

Nimeona tiketi ya bei nafuu inayopitia Addis Ababa. Nichukue?

Dar hadi Addis ni kama kilomita 1,750, na Addis hadi Nairobi ni kama 1,160. Utapita juu ya Kenya yote kwenda, kisha urudi nyuma. Jumla kama kilomita 2,900, zaidi ya mara nne ya njia ya moja kwa moja. Kama nauli imeshuka sana na huna haraka, ni pesa zako. Ila angalia saa za kusubiri Addis kabla ya kulipa.

Niondoke nyumbani saa ngapi?

Hili ndilo swali lenyewe hasa.

Hii ni safari ya kimataifa hata kama ni fupi kuliko ya Mwanza. Mashirika hutaka ufike saa mbili hadi tatu kabla, na kaunta hufungwa kama saa moja kabla ya ndege kuondoka. Kwa safari za nje ya nchi JNIA hutumia jengo la tatu la abiria, lililozinduliwa Agosti 2019. Safari za ndani zipo jengo la pili, na majengo hayo hayako pamoja. Mwambie dereva "Terminal Three" mapema, kabla hajaingia njia isiyo yake.

Kutoka Posta hadi uwanjani ni kama kilomita 12 kwa Barabara ya Nyerere. Usiku wa manane ni dakika 20. Jioni ya siku ya kazi, na mvua ikiwa imenyesha, sitaki hata kukutajia. Daraja la juu la Tazara, linaloitwa Mfugale, lilipofunguliwa mwaka 2018 lilifungua koo la barabara ile, lakini halikufuta foleni za mji mzima. Anayetoka Mbezi, Tegeta au Bunju aweke saa mbili za barabarani bila kubishana na mtu.

Upande wa Nairobi, ukishatua kuna uhamiaji, mizigo na forodha. Bila begi la kupakia unaweza kutoka kwa dakika 30. Ukiwa na begi na ndege tatu zimetua pamoja, saa moja na zaidi. Kutoka JKIA hadi katikati ya jiji ni kilomita 15 hadi 18. Barabara ya juu ya kulipia inayotoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ilifunguliwa mwaka 2022, na kwa anayekwenda Westlands imebadilisha maisha. Mwambie dereva wa teksi mapema kwamba unataka "expressway" na mkubaliane nani analipa.

Jumlisha sasa: saa moja na nusu kwenda uwanjani, saa mbili na nusu ndani ya uwanja, saa moja na nusu ya ndege, dakika 45 za uhamiaji na mizigo, dakika 45 za barabara ya Nairobi. Ni saa saba. Ndege yenyewe imechukua moja na nusu tu. Mwenye kikao cha saa tano asubuhi Upper Hill asijidanganye na ndege ya kutoka Dar saa mbili asubuhi. Aende jioni ya kuamkia siku hiyo.

Naunganisha ndege Nairobi. Niache muda gani katikati?

Kama tiketi ni moja, shirika limeshapima muda wa chini kabisa, na ukikosa ndege ya pili ni wajibu wao kukupangia nyingine. Kama umenunua tiketi mbili tofauti, uko peke yako. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haitakusubiri wala haina habari na wewe. Kwa tiketi mbili usikubali chini ya saa nne, na kama ya pili ni ya mbali, London au Guangzhou, mimi ningelala Nairobi.

Ukungu wa Nairobi huchelewesha ndege?

Hutokea, hasa asubuhi za miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, mawingu yanapokaa chini. Ndege ikishindwa kutua huzunguka ikisubiri, au huelekezwa Mombasa, au Kilimanjaro ambako ni kilomita 234 tu. Mafuta ya kufanya hivyo huwa yamo kwenye tangi tangu inaondoka, ni sheria. Kwa anayetoka Dar inauma kidogo, maana unajikuta umerudishwa KIA uliyoipita dakika chache tu nyuma. Na chukua sweta. Kutoka joto la Dar na kuingia Nairobi ya Julai saa moja asubuhi si mzaha.

Nahitaji viza?

Raia wa Tanzania na wa Kenya hawahitaji viza kutembeleana. Kenya ilipoweka idhini ya kusafiri ya kielektroniki mwezi Januari 2024, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakutakiwa kuiomba. Lakini beba pasipoti. Utaratibu wa kusafiri kwa kitambulisho cha taifa ni wa Kenya, Uganda na Rwanda walioanza nao mwaka 2014. Usiulete kwenye kaunta ya Dar. Beba pia kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, kwani anayeingia Tanzania kutoka Kenya anaweza kuombwa.

Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019. Vitumbua vya shangazi vifungwe kwenye kitu kingine.

Nikipanda basi je?

Kwa barabara, kupitia Chalinze, Segera, Moshi, Arusha na Namanga, ni zaidi ya kilomita 900, kwa sababu barabara inazunguka milima ambayo ndege inaipita juu. Ni safari ya siku nzima, saa 14 na kuendelea, pamoja na kituo cha mpakani. Mwenye mizigo mingi au mfuko mwembamba basi linamfaa. Kuna pia wanaopanda ndege ya ndani hadi KIA kisha basi dogo la Arusha hadi Nairobi kupitia Namanga. Inaokoa pesa kiasi, ila siku yote inakwisha.

Mbona nauli ni kubwa kwa umbali mfupi hivi?

Kilomita hazipangi nauli. Sehemu kubwa ya unacholipa ni kodi na tozo za viwanja vya pande zote mbili, na tozo za safari ya kimataifa hazipungui kwa sababu umesafiri kidogo. Pili, kupaa ndiko kunakokunywa mafuta. Safari fupi ina kupaa kulekule bila mwendo mrefu wa kufidia. Tatu, mashirika kwenye njia hii ni machache, na wasafiri wengi ni wa kazi na semina, ambao tiketi hulipwa na ofisi. Ukikata wiki kadhaa kabla na kuepuka Jumatatu asubuhi na Ijumaa jioni, unapata unafuu.

Safari hizi zimewahi kusimamishwa?

Zaidi ya mara moja, na kila mara sababu ilikuwa siasa. Awali nchi zetu zilikuwa na shirika moja, East African Airways, lililoanza mwaka 1946. Lilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya zamani. Mwaka huohuo zikazaliwa Kenya Airways na Air Tanzania, na mpaka ukafungwa hadi 1983.

Agosti 2020 Tanzania ilizuia ndege za Kenya Airways baada ya Kenya kuiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wangeingia bila karantini ya Covid-19. Zuio liliondolewa Septemba. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kusitisha safari za abiria za Kenya Airways kuanzia tarehe 22, kwa kuwa Kenya ilikuwa haijairuhusu ndege ya mizigo ya Air Tanzania kubeba mizigo kutoka Nairobi kwenda nchi nyingine. Siku hiyo ilifika maelewano yameshapatikana. Kwa hiyo ukisikia viongozi wa pande mbili wanajibizana kuhusu anga, fuatilia habari kabla ya kwenda uwanjani.

Zamani ilichukua muda gani?

East African Airways ilirusha ndege za DC-3 ukanda huu, na DC-3 ilikimbia chini ya kilomita 300 kwa saa. Kwa kasi hiyo Dar hadi Nairobi ni kama saa mbili na nusu angani, kwenye futi za chini ambako mitikisiko ya mchana haikwepeki. JKIA wakati ule iliitwa Embakasi. Ilipewa jina la Kenyatta mwaka 1978.

Cha ajabu, ukihesabu foleni za barabarani na saa mbili na nusu za kusubiri ndani ya jengo, sina hakika kama mjukuu anafika mapema sana kuliko babu alivyofika.

Rafiki yangu amesema anaruka kutoka Wilson. Ni uwanja uleule?

Hapana. Wilson (WIL) uko karibu na Lang'ata, upande mwingine wa jiji, na hutumiwa zaidi na ndege ndogo za ndani na za mbugani. Ukishuka JKIA na ndege yako ya pili inatoka Wilson, kwa mfano kwenda Maasai Mara, utatoka nje na mizigo yako, upite uhamiaji, ukodi teksi na kuvuka mji. Weka saa tatu kati ya ndege hizo mbili, nne kama ni siku ya kazi.